Pua ya Bi Miali na Meli Iliyozama

Kawira wa Merrylands, mtaa wa Sydney huko Australia, alikuwa na mdomo mwepesi, na mdomo huo ulishamponza mara mbili kazini. Mara ya kwanza alimwambia binti wa mgonjwa mmoja kwamba babake anachukia kuogeshwa alfajiri. Ya pili hata tusiiseme. Manija alimwita ofisini, akamwambia kwa upole unaotisha: "Kawira, kazi yako ni mwili wa mgonjwa. Mambo ya familia waachie wenyewe. Sitalirudia hili." Tangu hapo akawa anaogesha, analisha na kugeuza watu vitandani huku ameuma ulimi.

Alitoka Nkubu, kule Meru, akaja Sydney kusomea uuguzi. Masomo yakakatika, akashika kazi ya kutunza wazee kwa muda tu, alivyojiambia. Muda huo umemwotesha mvi.

Katika wazee wa nyumba alimofanya kazi, karibu na Parramatta, aliyemkaa rohoni ni Bi Miali. Huyu alikuwa Mwinuit, mtu wa kaskazini kabisa mwa Kanada, kule bahari inakoganda ikawa njia ya kupita kwa miguu. Aliolewa na Mwaustralia aliyekwenda huko kupima hali ya hewa, akaletwa kwenye joto hili, na mumewe alipofariki akamzika hapa hapa. Kawira alimwita shosho, kama wanavyowaita nyanya zao Kenya, naye akalipenda jina.

Mwanzoni walikosana. Kawira akileta uji, Bi Miali anakunja pua.

"Shosho, uji wangu unanuka?"

"Haunuki. Nakwambia sitaki."

Ndipo Kawira akajifunza. Kwao Bi Miali nyusi zikipanda ni ndiyo, pua ikikunjamana ni hapana. Na baadaye uzee ulimfanya ajibu kwa mdomo lile ambalo watu walitaka kusikia, ili asimsumbue mtu. Daktari akimuuliza kama anaumwa, anajibu "Wala," na nyusi ziko juu. Kwa hiyo Kawira hakusikiliza mdomo. Alitazama uso.

Basi Alhamisi moja alasiri akaja mjukuu wake, Bridget, mzaliwa wa Sydney, na simu na ramani kubwa. Kesho yake bibi alikuwa apelekwe hospitali kupasuliwa moyo, na daktari hakuficha kwamba huenda asirudi. Kwenye simu alikuwa Clifford, mtafiti, aliyekuwa akitafuta pamoja na watu wa kwao Bi Miali meli ya Waingereza iliyopotelea barafuni enzi za wavumbuzi. Meli nyingine mbili zilishapatikana huko, baada ya wageni kuyapuuza maneno ya wenyeji kwa muda mrefu, hatimaye wakayasikiliza. Maneno ya meli hii yalikuwa kwa ukoo wa Bi Miali, na aliyebaki akiyajua ni yeye. Na barafu ya bahari ya kule hufunguka kwa muda mfupi tu, ikajifunga. Mwaka huo wangeweza kutafuta mahali pamoja tu, basi.

Bridget aliitega simu juu ya meza iangalie ramani, Clifford aone kidole. Kawira alisimama nyuma ameshika mpira wa oksijeni, ukivuma.

"Nilisikia kwa nyanya yangu Siaja," Bi Miali akaanza, "naye alisikia kwa mama yake, aliyeiona kwa macho..."

"Samahani," Clifford akasema, "aliiona akiwa upande gani?"

Bi Miali akatafuta pumzi. "Nilisikia kwa nyanya yangu Siaja..."

"Nana, hilo tumelisikia," Bridget akamwambia bibi yake. "Tuambie mahali."

Akaanza tena, kwa Siaja vilevile. Akikatwa hakujua kuendelea katikati. Ilibidi arudi kwa aliyemwambia. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi, na midomo imeanza kugeuka rangi.

"Tusimchoshe," Clifford akasema. "Nahodha aliyekuja kuitafuta zamani aliandika kwamba wenyeji walimwonyesha kaskazini, kwenye rasi. Ni hapo, sivyo?"

Bridget akakichukua kidole cha bibi, akakiweka kwenye rasi. "Hapa, Nana?"

"Ndiyo, mpenzi. Hapo."

Na pua ikakunjamana mpaka macho yakapotea.

Bridget alikuwa anatazama ramani. Clifford alikuwa anatazama kidole. Kawira akamkumbuka manija, akauma ulimi. Akaikumbuka kesho, akauachia.

"Bridget, geuza simu. Amwone usoni."

"Kawira, tafadhali. Hili ni letu."

"Najua."

"Unataka niende kwa manija?"

"Nitakusindikiza. Geuza simu kwanza, halafu muulize tena."

Bridget akaigeuza kwa hasira. "Nana, ni hapa?"

"Ndiyo," mdomo ukasema, na pua ikakataa.

Kwenye simu Clifford akasogea karibu.

"Nimeishi na watu wake," Clifford akasema polepole, "na nilikuwa natazama kidole. Bi Miali, nisamehe. Anza kwa Siaja. Sitasema neno."

Akaanza kwa Siaja. Hakuna aliyemkata. Akasimulia mlingoti wa meli ile uliosimama juu ya barafu kusini, ndani ya ghuba wanakozaliana sili, ambao watoto waliutumia kuijua njia ya kurudi nyumbani, mpaka kiangazi kimoja barafu ikavunjika na mlingoti ukazama. Akasimulia nahodha aliyekuja baadaye kuwatafuta wenzake, mtu aliyekonda, amekauka, akisonta kaskazini na kuuliza, ni huko, ni huko?

"Mjomba wa mama yake Siaja akamjibu ndiyo. Alimwonea huruma. Zaidi ya hapo sikuambiwa."

"Tutatafuta kusini," Clifford akasema, akaaga.

Bridget akaikunja ramani, ikamshinda, akaiacha. "Nana, na mimi kwa nini uliniambia ndiyo?"

"Ulikuwa unaitaka sana hiyo ndiyo."

Bridget akauchukua mkoba wake, akafika mlangoni, akageuka. "Unaogopa kesho?"

"Wala," Bi Miali akasema.

Kawira aliziona nyusi zikipanda, akafunga mdomo. Bridget naye alikuwa ameziona. Akaurudisha mkoba chini, akavuta kiti karibu na kitanda, akakaa.