Tundu la Juu Liachwe Wazi

Wenzangu tuliokulia Maguu bendera ya Uhuru ikiwa bado mpya, mnakikumbuka kichuguu cha nyuma ya mibuni? Mvua za kwanza zikishapiga, jua likichomoza, udongo ukinukia mpaka unatamani kuula, tulikuwa tunatupa madaftari na kukimbia. Vijiti mikononi, tunagonga ardhi, ko ko ko, kuwadanganya kumbikumbi kwamba mvua bado inanyesha. Nao wanatoka! Jamani, walikuwa wanatoka. Mabawa yanameta, wanapanda juu kama moshi, mpaka mbingu yenyewe unaiona inatetemeka.

Na hapo hakuna kushika hata mmoja. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameziba matundu kwa majani ya mgomba na kutega chungu kwenye tundu la chini, lakini la juu kaliacha wazi. Mlafi akinyoosha mkono huko, kijiti cha Bibi kinamkuta. "Hao wana safari yao. Tazama kwanza. Usile usichokitazama." Tunatazama, mate yanatudondoka, wengine wanapiga ishara ya msalaba kama tuko kanisani. Ndipo wa kwenye chungu wanakaangwa kwa chumvi tu, kwa sababu mafuta wanayo wenyewe. Ugali ulikuwa hautoshi!

Sasa juzi binti yangu Lusia karudi kutoka kwa jirani, mke wa bwana shamba aliyehamishiwa hapa Mbinga. Anasukuma sahani ya kumbikumbi.

"Mama Rehema amesema kula wadudu ni ushenzi. Eti nao wana roho."

Wana roho! Na ng'ombe anayemnunua buchani ana nini, pamba? Amewahi kumtazama machoni? Mwanangu akionee haya chakula cha bibi zake kwa maneno ya mtu asiyewahi hata kuinama mbele ya kichuguu? Siku ile sikulala vizuri kwa hasira.

Jana mvua ikaja. Nikamshika Lusia mkono, nikamburuta hadi kichuguu cha mpakani. Nikaziba, nikatega, nikaacha la juu. Walipoanza kupanda, hasira ikapanda nao, sijui iliishia wapi. Kuku wa Mama Rehema wakavuka ua, wakadonoa mpaka kutembea kukawashinda. Jumapili atawachinja, na atawasifu kwa utamu.

Lusia hata hakuwaona hao kuku. Alikuwa ameinua uso.

"Mama, wanakwenda wapi?"

"Kujenga."

Akawafuata kwa macho mpaka wa mwisho alipopotea angani. Kisha akachukua mmoja chunguni, akamweka kiganjani, akamtazama weee. Akamtia mdomoni.

Zamani zile tulikizunguka kichuguu watoto wa mlima mzima, bega kwa bega, hakuna aliyetuuliza tunakula nini. Jana tulikuwa wawili, na kuku wa watu. Tulikuwa bado tunatazama juu.