Kola za Wifi

Karakana ile ilikuwa na vyerehani kumi na kimoja, meza moja ndefu ya kukatia, na mkurugenzi. Cheo cha mwisho hapo alijipa mwenyewe, baada ya semina ya siku tatu kuhusu uongozi: alikwenda bosi, akarudi mkurugenzi mwenye daftari. Jumatatu iliyofuata alibandika ukutani, juu ya meza ya pasi, karatasi yenye herufi kubwa: KIONGOZI HUKUZA WATU. Kufikia Jumatano mvuke wa pasi ulikuwa umeshaikunja pembe zote nne.

Karibu na karatasi hiyo alikaa msimamizi wa mafundi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye kila mtu alimwita Mama Pini, kwa kuwa tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa amebana pini tano sita midomoni. Mwenye pini mdomoni hasemi. Wageni walimdhania mkali. Waliomzoea walijua ni mpole kupita kiasi, ila upole wake haukuwa na sauti. Alipewa usimamizi kwa sababu alishona kuliko wote. Ni kama kumpa mwogeleaji hodari kazi ya kufundisha kuogelea, kisha kushangaa kwa nini kila siku anawavusha wanafunzi mgongoni.

Miaka minne nyuma alimleta kazini wifi yake, dada wa mumewe. Ndoa ya wifi ilikuwa imevunjika wiki ileile, na mama mkwe alikuwa amesema maneno matatu tu: "Mshike mkono mwenzio." Wifi akapewa kola za mashati ya sare. Siku ya kwanza kola zote zilikaa upande, ncha ya kulia imechomoza, ya kushoto imejificha, kama mtu anayepandisha bega moja kusema sijui. Mama Pini akamtazama. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Akajisemea moyoni: leo nitazirekebisha mwenyewe, kesho nitamwambia.

Saa saba, wenzake walipotoka kwenda kula, akazifumua zote kwa wembe na kuzishona upya.

Kesho ile haikufika. Kwa miaka minne Mama Pini alikula mchana akiwa amesimama, vijiko vitatu, kisha akafumua. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Wifi alianza kushona kola kwenye ncha moja na kwenda moja kwa moja hadi ya pili, na njiani kitambaa cha chini kikawa kinakikimbia cha juu. Ilitakiwa aweke alama ya chaki katikati ya shingo, aanzie hapo, ashone kwenda huku na huku. Kulisema hilo hakumalizi muda wa chafya mbili. Lakini huruma ikishafanywa kwa siri kila siku hugeuka mazoea, na ndani ya mazoea hayo, tuseme kweli, mna utamu wa kujua kwamba bila wewe mambo hayaendi.

Wifi naye angejishuku kwa lipi? "Kola ni uso wa shati," aliwaambia wenzake. "Nyie shoneni makwapa, uso niachieni mimi." Hakuna mteja aliyewahi kurudisha kola yake hata moja, na sifa hiyo ilifika kwenye daftari la mkurugenzi.

Ndipo siku moja, wakati wa chai, mkurugenzi akatangaza kwamba anafungua tawi upande wa pili wa mji, mafundi watano, na msimamizi wake atakuwa wifi. Wifi akajipigia kigelegele mwenyewe. "Maana nikiwangoja nyie, nitazeeka!" Siku mbili baadaye alikuwa ameshaaga chumba alichopanga na kumhamishia mtoto wake shule ya karibu na tawi.

Mama Pini alitoa pini mdomoni, akaingia kwa mkurugenzi.

"Bosi, wifi bado."

"Bado nini?"

"Kola zake huwa nazigusa kidogo."

Mkurugenzi alifungua daftari. "Mama Pini, tulifundishwa hivi: kiongozi haogopi kivuli cha mtu aliyemkuza."

"Si kivuli, bosi. Ni kola."

"Kuna ukurasa mzima wa wivu hapa. Nikuazime?"

Kesho yake, saa saba, Mama Pini alimzuia wifi asitoke. Walibaki wawili.

"Wifi, kola zako zinakwenda upande."

Wifi alicheka. "Za leo?"

"Tangu uje."

"Ahaa! Ndiyo mambo ya mawifi hayo. Mmoja akipanda ngazi, mwenzake anaitikisa."

Mama Pini alichukua shati la jana lililokwisha kushonwa, akaligeuza kola, akaliinua dirishani penye mwanga. Kitambaa hakisahau. Kando ya mshono ulionyooka kulikuwa na safu nyingine ya matundu ya sindano, matupu, yakienda mshazari kama nyayo za mlevi. Wifi akachukua shati la pili, akaangalia. La tatu. Alipofika la saba akaliweka chini.

"Hata lile la kaka?"

Alikuwa amemshonea kaka yake, mume wa Mama Pini, shati jeupe. Kaka mtu alilivaa kila penye watu, na kila aliyemsalimu aliambiwa nani amelishona.

"Hata lile."

"Miaka minne unanicheka."

"Sijakucheka hata siku moja."

"Afadhali ungenicheka. Ningejua."

Wifi akavuta kiti, akakaa kwenye cherehani. "Haya, sema. Lakini usiguse."

"Tia chaki katikati. Anzia hapo."

Wifi akashona. Kola ikaenda upande. Mkono wa Mama Pini ukaufuata wembe wenyewe, bila kutumwa.

"Mikono, Msimamizi!"

Mama Pini akaikalia mikono yake yote miwili. Katika miaka thelathini ya ufundi hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya. Kola tisa ziliharibika mchana huo, na wifi alizifumua mwenyewe, moja moja, akifuta macho kwa kiwiko.

Ilikuwa hivyo kwa wiki tatu. Wifi akaenda tawini akiwa na kola nane zilizonyooka katika kila kumi, na hakuaga. Hata Jumapili, alipokuja kumwona kaka yake, alisema, "Msimamizi, shikamoo," kama anayesalimia ofisi. Alipoondoka, shati jeupe kaka alilikuta limefumuliwa kola, limekunjwa vizuri juu ya kitanda.

Wiki ya sita yalikuja mashati kutoka tawini, maana pasi ya mvuke ilikuwa huku tu. Mama Pini aliliinua la kwanza dirishani: safu moja. La pili, moja. La tatu, mbili. Akatabasamu, anajifumulia mwenyewe, vizuri. La nne, mbili. La tano, la sita. Tabasamu likaisha. Makosa ya wifi yalielekea kulia. Matundu haya matupu yalikwenda kushoto.

Akapiga simu.

"Kola hizi za nani?"

"Zangu, Msimamizi."

"Zako huenda kulia."

Nyuma ya wifi vyerehani vilinguruma.

"Kuna mama mgeni hapa," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Kafiwa juzi tu, wifi. Nitamwambia kesho."

Mama Pini alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake.

"Mpe simu. Nitamwambia mimi."

"Mikono," wifi akasema.

Mama Pini akaukalia mkono uliokuwa huru. Simu haikukatwa. Ililazwa mezani, na akasikia cherehani kimoja kikinyamaza, kisha kiti kikivutwa. Yaliyosemwa hayakumfikia.