Mabinti Wapo, Akaniita Mimi

Mama mkwe wangu alikuwa nesi kutoka Ufilipino, na kwa miaka yote niliyokaa na mwanawe sikuwahi kujua kama ananipenda. Alikuja Stockholm akiwa msichana, akahudumu katika wodi za wazee mpaka akastaafu. Mumewe alifariki mapema, akawalea mabinti wawili na mwana mmoja peke yake katika fleti kule Hagsätra, pembezoni mwa jiji. Kila Jumapili baada ya misa sote tulitakiwa mezani kwake, na hakuna aliyethubutu kukosa. Wali aliupakua mwenyewe. Hakuna aliyegusa sahani kabla hajamaliza kusali mbele ya sanamu ya Mtoto Yesu, ambayo aliishonea joho jekundu. Mimi nililelewa Eldoret, katika kanisa lisilo na sanamu hata moja. Nilikuwa nafumba macho, maana sikujua niyaelekeze wapi.

Tulipofunga ndoa ya serikali, hakuja. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, alikuja hospitalini bila kuitwa. Hakunipa pole. Alinigeuza ubavu, akabadilisha mashuka kwa mikono yake ilhali wauguzi wapo, akaushika mguu wangu juu ya blanketi, akaondoka. Mpaka leo sijui kama nilikuwa nimeombewa au nimekaguliwa.

Saratani ilipomlemea, alimwita mume wangu kitandani.

"Mkeo ndiye atakayenivisha," alimwambia. "Dada zako wasiniguse."

Habari hiyo iliponifikia, nilidhani mume wangu amesikia vibaya kwa ajili ya majonzi. "Ana mabinti," nikasema. "Mimi wa nini?"

"Amerudia kwa Kiswidi, nisije nikadai sikumwelewa."

Alipofariki, wifi yangu mkubwa alinipigia simu.

"Ulimwambia nini mama?"

"Sikumwambia kitu, wifi."

"Basi kwa nini wewe?"

Akakata simu.

Siku ya kumvisha nilikwenda mochwari na rafiki wa zamani wa mama mkwe, nesi mwenzake waliyetoka naye Ufilipino. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na maiti nimeshavisha. Lakini kila kifungo cha gauni lake nilikiangalia mara mbili, kana kwamba angefumbua macho aniambie nimekosea. Nilipochukua viatu, yule mama akanizuia. Kwao maiti haivishwi viatu. Nikamfungia rozari vidoleni.

"Sasa ikate," akasema, akinipa mkasi.

"Niikate? Rozari yake?"

"Mnyororo ukatike, mwanangu. Kifo kisimfuate mwingine wa nyumba hii."

Nilisimama na ule mkasi. Mchungaji wetu wa nyumbani angeuita ushirikina. Na mama mkwe mwenyewe, aliyeibusu rozari hiyo kila asubuhi, kweli alitaka ikatwe na mtu kama mimi? Nikakata. Punje moja ikaruka chini ya meza, sote wawili tukapiga magoti kuitafuta. Yule mama akacheka, kisha akalia, akageuka ukutani haraka ili machozi yasimdondokee marehemu.

Mlango ukafunguka. Alikuwa wifi yangu mkubwa, kitana mkononi. Nadhani alikuwa amesimama koridoni muda wote.

"Hakupenda nywele zigawanywe katikati," alisema, bila kunitazama.

Dada zako wasiniguse, mama yake alikuwa amesema. Nilipaswa kumzuia? Nilisogea pembeni. Alimchana taratibu, nami nikakishika kichwa kisiyumbe.

Tulipotoka nilimuuliza yule rafiki kwa nini nilichaguliwa mimi. "Alisema wewe huulizi maswali," akanijibu. Mume wangu anaamini mama aliwaonea huruma dada zake. Wifi mdogo anasema ilikuwa adhabu, ila hasemi ya nani. Mimi kila jibu naliona kweli kwa siku mbili tatu, kisha linanitoka.

Siku hizi wifi mkubwa hunipigia simu akiwa kwenye treni, akirudi kwake Tumba. Mama hatumtaji. Huniuliza habari za kazi, nami humjibu. Halafu hatukati simu, na nadhani kila mmoja anangoja mwenzake aseme alichoambiwa, ilhali hakuna kati yetu aliyeambiwa chochote.