Msitu wa Juu ya Chemchemi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo miaka yote hii haijanitoka akilini. Nilikuwa mke kijana hapa Ileje. Mwaka ule mvua ilichelewa, kisha ikakatika mahindi yakiwa yamefika magotini. Wafanyabiashara wa Tunduma walikuwa wakinunua kila gunia lililoshuka mlimani, na mume wangu, Ambilikile, hakutaka kubaki nyuma. Alinoa shoka aende kufyeka msitu ulio juu ya chemchemi yetu.

"Shamba likizaa kidogo, tunaongeza shamba," alisema.

Mama mkwe wangu, mjane asiye na maneno mengi, alimfuata hadi mlangoni. "Baba, msitu ule ndio unaotunywesha. Leo mvua imepungua, unafyeka. Ikipungua tena, utafyeka nini?"

Alitia shoka begani, akapanda mlimani. Akafyeka, akachoma, tukapanda. Mavuno ya kwanza yalitupa paa la bati, nami nilifurahi, nisikudanganye.

Kisha msimu mmoja mvua ilijificha wiki nyingi, ikaja kumwagika yote kwa pamoja. Mlima uliokuwa uchi ukateremka. Udongo ukafukia chemchemi, ukaondoka na migomba na kahawa ya jirani yetu, mtu ambaye hakuwa amekata hata kijiti. Mchuma janga hula na wa kwao.

Mama mkwe alichukua jembe, akaanza kufukua. Ambilikile alisimama akimtazama, machozi yakimlengalenga, kisha akashuka kumpokea lile jembe.

"Nisamehe, mama."

"Chimba kwanza," akamwambia.

Tulichimba, tukapanda mikuyu. Maji yalirudi membamba sana, na mama mkwe alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nimechoka, mwanangu. Mvua haijarudi kwenye miezi yake, na najua si moto wetu peke yake ulioivuruga. Lakini wetu ulikuwemo. Tunaumiza ardhi ili tuvune, mvua inapotea, mavuno yanapungua, nasi tunazidi kuiumiza. Ukomeshe hayo kwenye shamba lako hilo unalokwenda kulianza. Usichome mabua, yaache yafunike udongo. Matuta yako yakinge mteremko, yasiufuate. Kando ya maji usilime, hata ukiwa na njaa, maana njaa ya mwaka mmoja ina mwisho.

Nenda salama. Mungu akujalie mvua ya kiasi, na wanao wasije wakateka maji mbali na nyumbani.