Dumu la Komoni Mbele ya Mkaguzi

Jamani, hii aibu naisimulia kwa sababu nyie ni watu wangu, vinginevyo ningekufa nayo. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea wa jiografia hapa Ilembo, Mpanda, mwaka wa tatu, na mkuu wa shule alishaniambia wazi kwamba mkaguzi akiniandika vizuri jina langu litapelekwa kwenye ajira, akiniandika vibaya nirudi Usevya nikalime mpunga.

Somo lilikuwa jinsi hewa ukaa ilivyoipasha dunia joto zamani za kale, kabla hata ya binadamu, volkano zikiitema miaka na miaka mpaka barafu ikayeyuka. Nikaamua (hapo ndipo nilipojichongea) nisiongee tu, nionyeshe: chupa mbili juani, kila moja na kipimajoto chake, moja ina hewa ya kawaida, nyingine hewa ukaa. Nitaipata wapi? Kwenye komoni, pombe yetu ya kienyeji, ikichacha inaitoa hewa hiyo! Asubuhi nikaenda kwa jirani yangu Mama Sikujua, mpika pombe, akanijazia dumu, akaonja yeye kwanza, akanipa kikombe nami nionje (ukikataa umemwita mchawi). Nikaonja. Nikamaliza, kwa heshima.

Basi tuko uwanjani, mkaguzi kakaa mbele kabisa, mpira wa kupitishia hewa kutoka kwenye dumu umeshajaza chupa, nikaufunga kwa kamba hewa isitoroke, nikaendelea na volkano zangu huku jua la Mpanda likilipiga lile dumu na mimi sina habari.

"Madamu, dumu linavimba!" akasema Pili, msichana wa mstari wa mbele.

"Nyoosha mkono kwanza," nikamjibu.

Likapasuka. Komoni ilimlowesha mkaguzi kuanzia miwani mpaka viatu. Nikamkimbilia na mtandio wangu, namfuta, naomba radhi mdomo ukiwa karibu na pua yake, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mwalimu, umekunywa?"

"Nimeonja tu, mzee wangu. Kwa heshima."

Mpunga wa Usevya nikauona kabisa. Mara Pili akanyoosha mkono (sasa ndiyo ananyoosha!).

"Madamu, chupa ya hewa ukaa imezidi joto!"

Mkaguzi akaenda kutazama vipimajoto, huku anachuruzika, kisha akaandika. Mkuu alinisomea mchana ule ule: "Wanafunzi wameelewa somo vizuri sana. Mwalimu ananuka pombe."

Ajira bado naisubiri. Na siku ya ukaguzi, mtu asinionjeshe hata maji. Aseme nimemwita mchawi, sawa tu.