Bega la Kushoto

Nilipotimiza miaka ishirini kwenye meza ya mapokezi, kliniki ninayofanyia kazi pale Oud Metha ilinipa zawadi: kadi ya kwenda kupiga visahani vya udongo kwa bunduki, nje ya mji, watu wawili. Wenzangu walicheka sana waliponikabidhi. Mkurugenzi alisema kwamba kwa jinsi ninavyowatazama wagonjwa wanaochelewa miadi, ni heri nikapige kitu kisichoweza kunishtaki. Nilicheka nao, maana keki ilikuwa imeshakatwa na mtu hawezi kununa mbele ya keki yake. Lakini nilipofika nyumbani Al Mankhool na kuiweka kadi juu ya friji, kilichonikera hakikuwa bunduki. Kilikuwa yale maneno mawili ya mwisho: watu wawili.

Dubai nililetwa na ndoa, msichana wa Unguja asiyejua hata kuwasha kiyoyozi. Ndoa ilikwisha zamani. Mume mwenyewe yuko Muscat na mke mwingine, na simfikirii. Binti yangu yuko Kanada na mumewe. Jumapili hunipigia, mjukuu akanionyesha meno yake mapya kwenye kioo cha simu, kisha huko mtu analia au kitu kinaungua jikoni, na tunaagana haraka. Watu ninao. Nina wa kusalimiana nao kwenye lifti, nina mwenzangu wa mapokezi, Mfilipino, anayejua kwamba chai yangu haitiwi sukari, nina jamaa wa Kizanzibari tunaokutana harusini na msibani. Jioni moja nilipitia majina yote ya watu wa hapa kwenye simu kumtafuta wa kwenda naye, nikagundua jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenijua nikiwa mtoto. Wote walinikuta hivi hivi nilivyo, mwanamke mkali mwenye miwani.

Niliumia, na sioni haya kusema. Upweke wa kukosa mtu wa kunywa naye chai nimeuzoea, hata wakati mwingine naupenda. Huu ulikuwa mwingine. Nilitaka awepo mtu mmoja, popote pale duniani, anayenijua tangu mwanzo wangu, na sikuwa na hakika kama bado yupo. Sikumwalika mtu. Nilisubiri mpaka kadi ikakaribia kuisha muda wake, kisha Jumamosi moja asubuhi, baridi ya Januari ikiwa bado nzuri, nikachukua teksi peke yangu.

Kijana wa mapokezi aliniuliza kama mwenzangu yuko njiani. Nikamwambia hapana. Akauliza tena, kwa upole zaidi, kama ningependa kumsubiri kidogo. Sauti ile naijua vizuri. Ndiyo ninayoitumia mimi kwa wagonjwa waliokuja siku isiyo yao. Nikamwambia yalla, tuanze.

Mwalimu wangu alikuwa Mkenya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kofia imemfunika mpaka nyusi. Alianza kwa Kiingereza na madam nyingi, mpaka aliponivalisha kizibao cha kazi, chenye mifuko mikubwa ya risasi na ngozi nene iliyoshonewa bega la kulia, nami nikanung'unika kwa Kiswahili kwamba nimekuwa mchukuzi wa bandarini. Akacheka, akaniita mama, na toka hapo tukaelewana.

Sikujua kwamba kupiga bunduki ni kazi ya kuvaa kwanza. Tulihangaika na mtandio wangu kuliko na kitu kingine chochote. Vile vizuia sauti vikubwa vya masikioni havikai sawa juu ya kitambaa, sauti inapenya pembeni, kwa hiyo ilibidi nitie sponji ndogo ndani ya masikio, kisha mtandio, kisha vile vikubwa juu yake. Pini zangu zote akazitoa, kwa sababu shavu linalalia mbao ya bunduki na pini itakuchoma bunduki ikirudi nyuma. Akanichomekea ncha za mtandio ndani ya kola. Juu ya miwani yangu akaweka miwani nyingine ya rangi ya machungwa. Nilijiona kwenye kioo cha dirisha nikashukuru kwamba kliniki hawakutuma mpiga picha.

Kuchagua bunduki nako nilidhani ni kama kuchagua bangili. Zilikuwa zimesimama kwenye rafu, mitutu miwili miwili, mmoja juu ya mwingine, nami nikanyoosha kidole kwa ile yenye nakshi za fedha ubavuni. Mwalimu akatikisa kichwa. Aliniambia wageni wote huchagua kwa macho, kisha hurudi nyumbani na bega jeusi. Ile nyepesi kuliko zote nayo akaikataa, kwa sababu bunduki nyepesi hupiga teke zaidi. Akachukua ya risasi ndogo lakini yenye uzito wake. Akakiweka kitako chake ndani ya kiwiko changu, akatazama kidole changu kinafika wapi kwenye triga. Kitako kirefu mno. Akabadilisha kipande cha mpira cha nyuma, akapima tena. Akaeleza, bila kupepesa, kwamba bunduki nyingi zimechongwa kwa vifua vya wanaume na ncha ya chini ya kitako huwachoma wanawake. Nikamwambia kifua hiki kina umri mkubwa kuliko yeye, akipime kwa heshima.

Kisha akanisimamisha vizuri. Alinishika mabega akayageuza. Akaweka vidole viwili chini ya kidevu changu na kukilaza kichwa taratibu mpaka shavu likakaa kwenye mbao. Nikashtuka. Sikumbuki mara ya mwisho mtu alinishika uso. Mkono wake ulikuwa wa moto na wenye kujua unachofanya, nami nilitamani asimalize upesi, jambo ambalo mtu hawezi kumwambia mwalimu wa bunduki.

Nilikosa visahani vyote. Vilikuwa vikiruka kutoka kibanda cha kushoto, vyekundu, wala si vya kasi sana, na mimi nilikuwa nikiipiga hewa iliyo karibu navyo. Mwalimu alisimama nyuma yangu, akaniambia nisogeze miguu, nisikimbilie triga, nitazame kisahani na si mtutu. Nilifanya yote. Nikakosa tena, nikaanza kutoa maneno ambayo nashukuru wageni wengine hawakuyaelewa. Akaipokea bunduki, akaiweka mezani, akaniambia ninyooshe mikono mbele, nikutanishe viganja niache kitundu kidogo katikati, nimtazame mtu aliyekaa mbali kwenye benchi kupitia kitundu kile. Akanifumbisha jicho moja, kisha la pili. Nilipofumba la kushoto, yule mtu akapotea.

Akasema jicho langu linalotawala ni la kushoto, na kwamba hilo ni la kawaida, watu wengi wa mkono wa kulia wanalo; huwekewa kipande cha utepe kwenye miwani na mambo yanakwenda. Akageuka kama anayeutafuta utepe. Ghafla akanirushia ganda tupu la risasi. Nikalidaka. Akarusha jingine, nikalidaka. Sikuona ajabu yoyote mpaka aliponitazama mkono, nami nikautazama. Ulikuwa wa kushoto, mara zote mbili.

"Mama," akaniuliza, "wewe ulizaliwa mtu wa kushoto. Nani alikubadilisha?"

Nikamwambia hapana, mimi nakula kwa mkono wa kulia, naandika kwa wa kulia, nasalimia kwa wa kulia, na nimefanya hivyo maisha yangu yote. Akasema taratibu kwamba nyanya yake pia alikuwa hivyo. Walimpiga vidole kwa rula hadi akaacha. Nilikasirika. Nani huyu, tumejuana saa moja, aje aniambie nilivyozaliwa? Lakini hasira yenyewe ilikuwa haina miguu. Nilikumbuka mwandiko wangu, ambao madaktari wenyewe hunicheka. Nilikumbuka ninavyomenya vitunguu, polepole, mpaka wifi zangu walikuwa wakininyang'anya kisu, na jina la mzembe nililobeba utotoni.

Tukaanza upya. Kizibao changu kikavuliwa, maana ngozi ilikuwa bega lisilotakiwa. Akaenda kutafuta cha mkono wa kushoto nyuma ya kabati akarudi nacho kimejaa vumbi, kipana kama cha mwanamieleka. Kumbe hata mbao za bunduki hupindwa kidogo upande mmoja, ili jicho lilale juu ya mtutu, na ile niliyokuwa nayo ilikuwa imepindwa kwa watu wa kulia. Klabu nzima ilikuwa na moja tu ya upande wangu. Haikuwa na nakshi yoyote. Aliniwekea begani, bega la kushoto, na kabla hajanishika kidevu shavu lilikuwa limeshakaa lenyewe. Mwisho wa mtutu niliiona ile shanga ndogo nyeupe ya kulengea, imetulia katikati. Bunduki haikuwa na mahali pa kunisumbua.

Kisahani cha kwanza kikapasuka. Sikuamini mpaka vumbi lake lilipotawanyika. Cha pili nikakikosa, cha tatu kikapasuka, cha nne pia, na mimi nikageuka mbio kuangalia nani kaona. Mwalimu alipiga makofi, tena kwa dhati, lakini alikuwa amesikia akiitwa upande wa pili na jicho moja liko kwa wageni wake wengine. Furaha ikanishuka. Nilikuwa na habari kubwa ya maisha yangu na sikuwa na wa kumpa. Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, lililoanza kunijia tangu aliponiuliza lile swali: kitu kimezunguka kifundo cha mkono wangu, kimebana, na harufu ya kanga mpya. Sikujua kama ni kumbukumbu au nimeitunga pale pale. Mama yangu angejua. Baba angejua, na shangazi. Wote wamekwisha kufa.

Aliyebaki ni dada yangu, Unguja, aliyenizidi miaka minane. Hatujagombana, ila ni afadhali tungegombana. Mama alipofariki nilichelewa ndege, nikafika maziko yamekwisha, na nilipoingia uani na sanduku langu dada alisema mbele ya wafiwa wote, "Wageni wamefika." Nilitua sanduku. Nilikaa mpaka hitima, nikapanda ndege, na tangu hapo sisi ni watu wa kutumiana picha ya maua kila Idi. Kama naye amesahau utoto wangu, basi hakuna tena mahali popote ambapo niliwahi kuwa mtoto. Niliogopa hilo. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya klabu, na kahawa iliyopoa, nikiogopa kumpigia dada yangu mwenyewe, kisha nikapiga.

Alipokea haraka. "Nani kafa?" akauliza.

Nikamwambia hajafa mtu. Nikamweleza nilipo na nilichokuwa nikifanya, akaniuliza kama huko Uarabuni wameanza kuandikisha vikongwe jeshini. Nikamwambia nina swali moja tu, kisha nitamwacha aendelee na shughuli zake: je, nilipokuwa mdogo, nilikuwa nikitumia mkono wa kushoto?

Nilisikia sufuria ikifunikwa, kisha kiti kikivutwa.

"Ulikuwa mashoto kabisa," akasema. "Mama akiona haya ukila mbele za watu. Akanambia mie nikufunge. Kwa kipande cha kanga, mkono kiunoni, toka asubuhi mpaka usiku. Mie ndo n'kikufunga."

Nikamuuliza kama nilikuwa nalia. Akasema nilikuwa nalia sana, na kwamba mara nyingine nilikuwa nikimfuata chumba hadi chumba na ule mkono uliofungwa, sisemi kitu, namtazama tu. Akasema yeye alikuwa mtoto pia, na angefanya nini, neno la mama halikuwa na majadiliano. Alisema hayo upesi upesi, kama mtu aliyekuwa nayo tayari mdomoni kwa miaka. Nilitaka kumwambia simlaumu, lakini hakunipa nafasi.

"Ukishalala n'kikufungua," akasema. "Kila siku. N'kikukanda ule mkono mpaka upate moto, nao ukinishika, huniachii. Alfajiri n'kikufunga tena kabla mama hajaamka. Kafa hajui."

Nililia pale kwenye benchi, na kizibao cha watu mwilini na miwani miwili usoni. Dada hakunambia ninyamaze, wala hakukata simu.