Vifuniko vya Magurudumu

Kila nisuguapo sufuria kwa majivu na ndimu, harufu ile hunirudisha kwetu Wesha, chumbani kwa mama alipokaa eda. Baba alikuwa amefariki, na gari lake kuukuu lilibaki uani. Mama hakuweza kutoka, basi dada alivibandua vile vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa, akamletea ndani. Mama alivisugua kimoja kimoja mpaka akajiona uso, kisha akavipaka mafuta ya nazi visishike kutu.

Asubuhi moja ami, mdogo wake baba, alikuja na watu kulivuta gari. Hakupiga hodi. Mama alisikia kamba ikifungwa, akanikabidhi vifuniko vyote.

"Mpelekee ami yako. Mwambie avipake mafuta kila Ijumaa, chumvi ya pwani hii haina huruma."

Nilikimbia navyo, vikiniteleza kifuani. Ami alivitupa ndani ya gari bila kunitazama, vikagongana, wakaondoka.

Niliporudi chumbani, mama alikuwa akiutazama mlango.

"Kavipokea vizuri?"

"Kavipokea kwa mikono miwili," nikamwambia.

Akashusha pumzi, akaniuliza kama nimekula.